Mita Moja na Robo

Msimu wa kumi na saba, dada. Mkanda wa mfuko wako
umenichimbia mfereji begani
ambao hata mvuke wa sauna hauulainishi.
Leo asubuhi niliuning'iniza kwenye mizani ya samaki ya baba:
kilo kumi na nane na ushee.
Fimbo kumi na nne, koti la mvua, ndizi iliyosagika,
kadi za viwanja ambavyo havikutuita tena.

Tulianzia hapa hapa Kajaani, mwezi Machi, ziwa likiwa bado jiwe.
Baba aliipaka mipira rangi nyekundu ya milango ya ghala,
ukaicharaza juu ya barafu, nami nikaifuata kwa skii,
tone baada ya tone juu ya weupe,
hadi jirani Hilppa akaja na kurunzi kuuliza
nani kachinja nini.

Msumeno mkubwa uliuzwa kwanza. Kisha lori. Kisha mabati ya paa.
Kiwanda cha mbao kikabaki gofu
kwa ajili ya gofu,
na baba hakulalamika; alihesabu tu mapigo yako
kwa penseli ya seremala, kwenye ukuta uliosalia.

Halafu barabara.
Murcia, Ostrava, Agadir, feri za usiku,
vitanda vya mtu mmoja tukilala mzungu wa nne,
soksi zako zikinisimulia hali ya hewa ya kila uwanja.
Ijumaa jioni, mchujo:
wenzetu tui, sisi machicha.
Ukipita, nafasi ya arobaini na tatu, euro mia sita na kumi.
Petroli mia tano na tisini.
Ile ishirini tuliila supu, tukaacha na bahashishi,
maana ulisema umaskini hauko mfukoni, uko mkononi.

Mchezo wa ajabu huu: mwenye kidogo ndiye aliyepata.
Wangehesabu na akiba ya benki
tungekuwa mabingwa wa dunia.

Basi nifike Ystad. Siwezi kuizunguka milele.
Shimo la mwisho. Angharad wa Wales keshamaliza,
amekaa juu ya mfuko wake anatafuna kucha.
Mpira wako mita moja na robo, na kombe.
Nilichuchumaa nyuma yake, nikaziangalia nyasi zilivyolala.
Kulia, nikasema, upana wa mpira mmoja.
Hukuuliza mara mbili. Hujawahi kuniuliza mara mbili.
Mpira ukaenda kulia, mtiifu,
ukapita ukingoni
kama mgeni aliyekosea nyumba.

Waandishi wakakuzunguka na vinasa sauti.
"Nimeusukuma," ukasema. "Ni mkono wangu."
Mkono wako haukuwa na kosa, Saimi.
Nilijua kabla mpira haujasimama,
nikairudisha bendera shimoni,
nikanyamaza miaka tisa.

Sasa kadi yako ya ziara haikuhuishwa.
Mgongoni una pini mbili za chuma zinazojua mvua kabla yetu.
Jumatatu unaanza kufundisha: watoto wa shule, madaktari wa meno.
Saa tano usiku, Juni, jua limegoma kuzama,
nasi tuko peke yetu kwenye nyasi zilizonyolewa, na mbu.
Unaweka mpira. Sihitaji kupima.

"Kulia au kushoto?" unauliza bila kugeuka.

Na mimi nakuambia. Si habari za nyasi hizi.
Nakuambia Ystad, yote, hadi bendera.

Unaitikia kwa kichwa
kama mtu aliyerudishiwa chenji yake.
"Niliona kushoto," unasema.
"Nilikuwa nimeshaona kushoto. Lakini wewe ulikuwa umeubeba mfuko
tangu alfajiri."

Mbu mmoja anatua kwenye shingo yako. Humfukuzi.

"Haya," unasema. "Nisomee."

Nachuchumaa.